Fahamu Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane: Matembezi Mepesi na Utazamaji wa Wanyama kwa Wakazi wa Kanda ya Ziwa

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Kwa mkazi wa Mwigobero, kata iliyo kando ya Ziwa Victoria katika Manispaa ya Musoma, ziwa ni riziki na ni barabara. Wavuvi hushusha samaki mwaloni, wafanyabiashara huwasubiri ufukweni, na wasafiri huvuka ghuba kwenda Kinesi wilayani Rorya. Wengi wa wakazi hao, hata hivyo, hawajawahi kuliona ziwa hilo kama njia ya kuelekea katika Hifadhi ya Taifa. Mkoa wa Mara unapotajwa, watu hufikiria Serengeti na nyumbu wake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndani ya Ziwa Victoria zimo hifadhi za Taifa za visiwani, na kwamba mojawapo inaweza kutembelewa kwa miguu ndani ya nusu siku, bila gari la kifahari wala maandalizi makubwa.

Hifadhi hiyo ni Kisiwa cha Saanane, mkoani Mwanza. Makala haya yanaeleza historia yake, viumbe wanaopatikana humo, namna ya kufika ukitokea Musoma, tahadhari za safari ya majini, pamoja na wajibu wa mwananchi katika kuitunza.

Hifadhi ndogo kuliko zote nchini

Saanane ndiyo Hifadhi ya Taifa ndogo kuliko zote Tanzania. Eneo lake ni kilomita za mraba 2.18, zikijumlisha kisiwa chenyewe, visiwa vidogo vilivyo jirani na sehemu ya maji inayovizunguka. Ipo takriban kilomita mbili kusini magharibi mwa kitovu cha Jiji la Mwanza, kiasi kwamba mgeni aliyesimama juu ya miamba yake huziona nyumba za vilimani na vyombo vinavyoingia na kutoka bandarini. Inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).

Udogo huo una faida kwa mgeni. Hakuna mwendo mrefu wa kuchosha, na familia yenye watoto au wazee inaweza kutembea kwa hatua za taratibu na kurejea mjini siku hiyo hiyo. Lakini kwa wanyama, udogo huo huo ni hatari. Mnyama wa Serengeti akikosa majani au akisumbuliwa, huhama. Mnyama wa kisiwani hana pa kuhamia. Moto mmoja, ugonjwa mmoja au mtego mmoja wa jangili unaweza kuondoa sehemu kubwa ya kundi ambalo haliwezi kuongezewa na wanyama wengine kutoka porini.

Kutoka shamba la mzee hadi Hifadhi ya Taifa

Kisiwa hiki kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikimiliki. Katika miaka ya 1960 Serikali ilikitwaa kisiwa chote na kumlipa fidia mwenyewe. Mwaka 1964 ikaanzishwa hapo bustani ya kwanza ya wanyamapori ya Serikali nchini. Jina la mzee halikubadilishwa, na hadi leo kila tangazo na kila stakabadhi ya hifadhi hiyo hulitaja.

Bustani hiyo ilikuwa na malengo mawili. La kwanza lilikuwa kuwapa wananchi elimu ya uhifadhi, kwa kuwa wakati huo Watanzania wengi hawakuwa na uwezo wa kufika katika mbuga za mbali. La pili lilikuwa kukifanya kisiwa kituo cha kuwapumzisha na kuwatunza kwa muda wanyama waliokuwa safarini kupelekwa katika Kisiwa cha Rubondo, kilichopo kusini magharibi mwa ziwa. Kati ya mwaka 1964 na 1966 waliletwa Saanane nyati, pofu, twiga, pundamilia, nyumbu, kongoni, ngiri, faru weusi na wengineo. Wanyama wakali walifungiwa kwenye vizimba, na wale wapole waliachwa watembee huru.

Mwaka 1991 kisiwa kilipandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Tofauti baina ya hadhi hizo ni ya msingi. Katika bustani ya wanyama, mnyama hutunzwa ili aonekane. Katika Hifadhi ya Taifa, kinachotunzwa ni mazingira yote kwa pamoja: mwamba, mti, ndege, maji na samaki waliomo, na mgeni hupokelewa kwa masharti ya kutoyavuruga.

Msimamo huu haukuanza jana. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu wa Mara, alitoa tamko linalojulikana kama Ilani ya Arusha. Ndani yake, viongozi wa nchi iliyokuwa ikijiandaa kujitawala walikubali dhamana ya kuwatunza wanyamapori na makazi yao kwa niaba ya vizazi vijavyo. Saanane ni moja ya mahali ambapo ahadi hiyo inaweza kukaguliwa na mwananchi yeyote kwa macho yake mwenyewe.

Miamba na wakazi wake

Sura ya Saanane ni miamba ya matale iliyopangana, mingine mikubwa kuliko nyumba, ikiwa imezungukwa na nyasi na miti. Miamba hiyo ni sehemu ya mwamba wa kale sana ulio chini ya eneo kubwa la kanda ya ziwa, wenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Mkazi wa Musoma hataiona kuwa migeni, kwa maana mawe ya namna hiyo hiyo yanaonekana katika vilima vya Mara na kandokando ya ziwa.

Mnyama wa kwanza ambaye mgeni humwona ni pimbi. Ana umbo la kukaribiana na sungura asiye na masikio marefu, lakini wataalamu wa viumbe wanamweka karibu kiukoo na tembo. Asubuhi pimbi huota jua juu ya mawe, kwa kuwa mwili wake haudhibiti joto vizuri kama ule wa wanyama wengine wa damu moto. Akishtuka hupiga mlio mkali, na kundi zima huingia mianyani kwa mara moja.

Kwenye mawe hayo hayo yupo mjusi wa jamii ambayo jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limetokana na Mwanza yenyewe. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu yenye kuelekea waridi, na mwili wa buluu. Jike ni wa kahawia na huonekana kwa shida. Dume linapotingisha kichwa juu na chini juu ya jiwe, huwa linawaonya madume mengine kuhusu mipaka ya eneo lake.

Katika sehemu za nyasi hupatikana swala pala. Mgeni anayetembea kimya anaweza kuwaona kwa umbali mdogo kuliko ilivyo kawaida katika mbuga kubwa. Tumbili nao wapo. Wanyama watambaao ni pamoja na kenge, chatu, kobe na mamba, huyu wa mwisho akiwa sababu ya kutosha ya kutochezea maji ufukweni. Fisi maji huishi kati ya mawe na maji, hula samaki na kaa, na huonekana zaidi asubuhi na jioni.

Zaidi ya aina 70 za ndege zimeorodheshwa kisiwani. Tai mlasamaki, anayeitwa pia furukombe, hutambulika kwa kichwa cheupe na sauti inayosikika mbali. Mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe hupiga mbawa akiwa amesimama mahali pamoja hewani, kisha hujitupa majini kama jiwe na kuibuka na dagaa au furu. Mnandi hukaa juu ya mwamba amezikunjua mbawa zake ili zikauke. Yangeyange, fundichuma na mnana hupatikana pia. Kati ya Novemba na Aprili huongezeka ndege wahamao wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Mwenye subira hahitaji kusubiri siku ya safari ili kujifunza ndege hawa. Mdiria, mnandi na yangeyange wanaonekana pia katika fukwe za Musoma. Mzazi anaweza kuanza na watoto wake ufukweni Mwigobero, akawafundisha kutofautisha ndege watatu au wanne, na safari ya Saanane ikawa mtihani wa walichojifunza.

Namna ya kutembea

Njia za kisiwani ni fupi na hupita kando ya maji, katikati ya miti na juu ya miamba. Matembezi hufanyika kwa mwongozo wa watumishi wa hifadhi. Sehemu inayohitaji nguvu kidogo ni kupanda mwamba unaojulikana kama Jiwe Kuu, ambao juu yake mgeni huliona ziwa na jiji kwa pamoja. Mtu asiyeweza kupanda hapotezi safari yake, kwani sehemu tambarare zina vivuli vya kupumzikia na wanyama wengi huonekana huko.

Wakati mzuri wa siku ni asubuhi, kabla mawe hayajapata moto, au alasiri jua linapopungua makali. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na njia hazitelezi. Wakati wa mvua majani ni ya kijani na ndege ni wengi, ila mwamba uliolowa huteleza na unahitaji uangalifu.

Mgeni avae viatu vilivyofunga vizuri na vyenye soli isiyoteleza, kofia na nguo zisizo za rangi kali. Abebe maji ya kunywa katika chupa inayoweza kutumika tena. Darubini ndogo itamsaidia, ingawa si lazima. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, na marufuku hiyo inamhusu msafiri wa hifadhini kama inavyomhusu muuzaji wa sokoni.

Safari kutoka Musoma

Mabasi ya kwenda Mwanza hupatikana katika stendi ya Bweri. Umbali ni takriban kilomita 220 kwa barabara ya lami inayopita Bunda, Lamadi na Magu, na safari huchukua takriban saa nne kwa basi. Baada ya Bunda, barabara hupita mbele ya lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali ambapo mbuga hiyo inalikaribia Ziwa Victoria. Abiria aliyekaa upande wa kushoto huweza kuwaona wanyama akiwa ndani ya basi.

Ukifika Mwanza, elekea ofisi ya hifadhi iliyopo Capri Point, eneo linalofahamika kwa madereva wa teksi, bajaji na bodaboda. Hapo mgeni hujiandikisha, hukamilisha malipo na kupanda boti. Mwendo wa majini hadi kisiwani ni wa dakika chache.

Tozo za kuingia kwa raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni nafuu kuliko za wageni wa nje. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na mwananchi anashauriwa kuthibitisha viwango vya sasa kutoka TANAPA kabla ya safari. Asimkabidhi fedha taslimu mtu yeyote anayejitambulisha njiani kuwa wakala bila kumpatia stakabadhi. Vikundi vya shule vinashauriwa kuwasiliana na hifadhi mapema ili viandaliwe waongozaji na boti za kutosha.

Kwa kuwa kwenda na kurudi Musoma kwa siku moja kunachosha, hasa kwa watoto, ni vyema kulala Mwanza usiku mmoja na kwenda kisiwani asubuhi.

Tahadhari majini

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800 na hali yake hubadilika kwa muda mfupi. Taifa limekwisha kulipa gharama kubwa kwa kulichukulia kwa wepesi. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya abiria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara wilayani Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Katika matukio yote mawili, msongamano wa abiria na mizigo ulitajwa miongoni mwa sababu.

Safari ya Saanane ni fupi, lakini kanuni ni zile zile. Vaa koti la kuokolea maisha kabla boti haijaondoka, na hakikisha koti la mtoto linamtosha kwa kipimo chake. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi. Fuata maelekezo ya nahodha kuhusu mahali pa kukaa, na usisimame boti ikiwa katika mwendo. Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), na watumishi wa hifadhi wakiahirisha safari kwa sababu ya upepo, uamuzi wao uheshimiwe. Ni marufuku kwa mtu kuingia hifadhini kwa mtumbwi wake bila kibali, hata akiwa mvuvi mzoefu wa ziwa hili.

Mgeni asiogelee wala kukanyaga maji ya pembezoni. Pamoja na hatari ya mamba, maji yaliyotulia ya kandokando ya ziwa ni makazi ya konokono wanaoeneza kichocho.

Fundisho la Rubondo

Wapo wanaodhani kwamba kisiwa hujilinda chenyewe kwa kuwa kimezungukwa na maji. Historia ya Rubondo inaonesha vinginevyo. Kisiwa hicho, chenye hadhi ya Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, kilipokea wanyama wengi katika miaka ya 1960, wakiwemo sokwe waliorejeshwa Afrika kutoka Ulaya kati ya mwaka 1966 na 1969 kwa juhudi za mhifadhi Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Sokwe hao walizaliana, na wazao wao wanaishi kisiwani hadi leo pamoja na nzohe, viboko, twiga na tembo.

Faru weusi waliopelekwa huko hawakuwa na bahati hiyo. Majangili waliwafuata majini na kuwamaliza. Maji yaliyowazuia faru wasitoroke hayakuwazuia wauaji wao wasifike. Uzio wa kweli wa kisiwa ni doria, sheria na mwananchi anayetoa taarifa anapoona chombo kisicho na sababu ya kuwa mahali kilipo.

Mwenye muda na uwezo wa kusafiri zaidi anaweza kufika Rubondo kwa kupita Geita na Chato. Safari hiyo imerahisishwa na Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025 na kuondoa foleni ya kusubiri kivuko.

Mwigobero ina sehemu gani katika jambo hili

Maji ya Saanane na Rubondo ni sehemu ya hifadhi, na uvuvi hauruhusiwi ndani ya mipaka yake. Baadhi ya wavuvi huliona katazo hilo kama kunyimwa haki. Lakini samaki hawatambui mipaka. Maeneo yaliyolindwa ni mazalia, na samaki wanaokulia humo hutoka na kusambaa ziwani. Mvuvi anayeingia usiku na kokoro katika mazalia anavua samaki ambao wangevuliwa na wenzake miezi michache baadaye wakiwa wakubwa. Ndiyo sababu sheria inakataza pia kuvua sangara wenye urefu chini ya sentimita 50.

Uhusiano huo unaonekana vilevile katika usafi. Mto Mara, unaoanzia milima ya Mau nchini Kenya na kupita Maasai Mara na Serengeti, humwaga maji yake ziwani karibu na Musoma, baada ya kupita katika ardhioevu yenye mafunjo yanayochuja tope na taka. Ndiyo maana Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila Septemba 15. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita hizo ndizo zinazobakisha mafunjo, viota vya ndege na mahali pa samaki kutaga mayai.

Chupa iliyotupwa mwaloni haibaki mwaloni. Upepo na mawimbi huichukua, na siku moja itakwama kwenye miamba ambako fisi maji hulea watoto wake au mnandi hukausha mbawa. Nyavu zilizochakaa zikitelekezwa majini huendelea kunasa samaki, kenge na ndege bila kumfaidisha mtu. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kinachokusanya nyavu hizo ufukweni kinafanya kazi ya uhifadhi, hata kama hakuna mwanachama wake aliyewahi kukanyaga Hifadhi ya Taifa.

Wajibu wa mgeni hifadhini

Mwananchi anayetembelea Saanane anakumbushwa mambo yafuatayo:

- Asiwape tumbili wala wanyama wengine chakula. Tumbili aliyezoea kulishwa huacha kujitafutia, huwa mkorofi na huishia kudhuru watu.
- Asitoke kwenye njia bila ruhusa ya mwongozaji, wala kuwakaribia wanyama kwa ajili ya picha.
- Asiokote mawe, mayai, manyoya, mimea wala kobe.
- Asiwashe moto wala kutupa kipisi cha sigara, kwani nyasi kavu za kisiwani huungua kwa kasi na wanyama hawana pa kukimbilia.
- Asiingie na mbwa, paka au mnyama mwingine yeyote wa kufugwa.
- Arudi mjini na taka zake zote.

Masharti haya si mengi, na hakuna hata moja linalopunguza raha ya matembezi. Kisiwa kilichokuwa shamba la mzee mmoja sasa ni mali ya kila Mtanzania, na kwa ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 hakina nafasi ya uzembe. Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama wanahimizwa kukitembelea, kuwapeleka watoto wao, na kuendeleza ulinzi wa ziwa katika fukwe wanazoishi.